Jua Lililotiwa Magadi

Tulia kwanza hapo ulipo, maana hili ninalokwambia hutaliamini. Ilikuwa Jumapili. Watu wamekunywa chai ya asubuhi wakiwa vijana, na kabla vikombe havijakauka wakawa na mvi. Sisemi hivyo kunogesha. Mvi kabisa, za kuchana kwa kitana. Na aliyeyasababisha yote hayo ni binti wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, mcheshi, anaitwa Theopista, na silaha yake ilikuwa kiganja kimoja tu cha magadi.

Nianzie mbali kidogo. Siyo mbali sana.

Kuna mji uko juu. Ukiwauliza wenyeji mji huu unaitwaje, wanakwambia, "Huku." Ukiwauliza uko upande gani wa nchi, wanakwambia, "Si huku huku." Basi na sisi tuuite Huku, yaishe. Huku saa hazifanyi kazi. Ukipanda na saa ya mkononi inafika kwenye kona ya mwisho ya mlima, inahema mara mbili tatu, inasimama. Za ukutani ndiyo kabisa. Simu zenyewe zinakubali, picha zinaingia, jumbe zinaingia, watu wanapiga soga mpaka chaji inaisha, lakini pale juu pembeni panapotakiwa kukaa saa pameandikwa neno moja: *bado*. Asubuhi bado. Jioni bado. Umezaliwa bado, umeoa bado.

Sasa wanajuaje muda? Wanajua kwa sufuria. Katikati ya mji kuna kambi ya wakimbiaji, katikati ya kambi kuna mafiga matatu, na juu ya mafiga imekaa sufuria kubwa nyeusi ya kupikia makande. Kila Jumapili, siku ya mbio ndefu, Kocha Gwandu anawasha moto wakimbiaji wanapoondoka. Mahindi na maharage yanaanza kuchemka, na siku inaanza kutembea. Maharage yakipasuka ni saa sita mchana. Nisikilize vizuri hapo: siyo kwamba yanapasuka ikifika saa sita. Yakipasuka, ndiyo inakuwa saa sita. Jua linangoja. Jogoo wanangoja. Mchungaji kanisani anamtuma mtu akachungulie jikoni kabla hajasema amina ya mwisho.

Na sheria ya kambi ni moja: unakula unachokikuta. Kilomita thelathini na mbili, sufuria moja. Ukifika mapema unapakuliwa yakiwa hivyo hivyo, maharage kama kokoto, unakaa kwenye benchi unatafuna mbele ya watu na hakuna anayekuonea huruma. Ukichelewa, unakwangua ukoko. Ukija kwa mwendo wako hasa, ule wa kwako, mfuniko unafunuliwa wewe ukiwa getini, na makande yanayeyuka mdomoni kabla hujayatafuna. Kocha Gwandu hana kipimo kingine. Ni mtu mfupi, kofia ya sufi haimtoki kichwani, na anaongea kama mtu anayetuma ujumbe huku chaji imebaki asilimia moja.

Theopista alikuwa ametafuna kokoto Jumapili sita mfululizo.

Jumapili ya nne jino lake la pembeni lilivunjika ncha, na ule mlio ukasikika mpaka kwa mafundi baiskeli. Walimpigia makofi. Yeye mwenyewe alicheka, akaokota kipande cha jino, akakitazama, akakitia mfukoni mwa bukta. Lakini Jumapili ya sita hakucheka, maana baada ya kula Kocha alisimama na kusema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kusema.

"Mbio Kubwa za huko bondeni zimekaribia. Kambi imepewa nafasi moja ya kike. Mko wawili, Theopista na Yustina. Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho. Atakayekula makande laini, ndiye anashuka."

Yustina ndiye mwenzake. Binti mnene kidogo wa mapaja, mcheko wake unaanzia tumboni. Yeye shida yake ilikuwa nyingine: wakati mwingine alifika sawasawa, wakati mwingine alikuta ukoko, kwa sababu ya salamu. Hawezi kumpita mtu. Anakimbia huku anamsalimia kila anayemwona, salamu nzima, na habari za watoto, na za mgonjwa, na akikosa watu anasalimia ng'ombe.

Theopista alitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Tangu mtoto hajawahi kushuka. Alitaka aione barabara isiyo na kona, aisikie saa ikigonga. Alitaka, kwa maneno yake mwenyewe, "nifike mahali ambapo siyo bado."

Kwa nini basi asipunguze mwendo? Si apunguze tu! Ndivyo watu wote walivyomwambia, na mimi na wewe tungemwambia hivyo hivyo, maana mwendo wa mwenzako ni rahisi kuupanga. Lakini mwendo ni wa nani? Hilo ndilo lililomkaa kichwani kila akifunga kamba za raba. Miguu inasema wangu, mimi ndiye ninayekanyaga. Pumzi inasema wangu, mimi nikigoma unalala chini. Simu inasema wangu, mimi ndiye ninayeonekana. Na simu ilikuwa na nguvu kuliko wote. Aliishika mkononi wakati wa kukimbia, hakuwahi kuiweka chini, na ndani yake kulikuwa na programu ya mbio yenye ramani, na kwenye ramani nukta moja, yeye. Akikimbia kasi nukta ni kijani. Akipunguza inageuka njano. Huko bondeni kuna watu elfu moja na mia tatu hajawahi kuwaona kwa macho. Nukta ikiwa kijani wanamrushia mioyo. Ikiwa njano wanauliza, *Vipi dada, unaumwa?*

Nipunguze. Hapana. Wataniona. Watamwona nani, wanaona nukta. Basi mimi ni nukta. Nukta ya kijani. Nikipunguza nitakuwa nukta ya njano, na nukta ya njano ni nani? Simjui huyo. Hajawahi kupendwa na mtu.

Basi Jumamosi jioni, jua likiwa bado linachungulia, mahindi na maharage yakiwa yamechambuliwa na kutiwa sufuriani na maji yake ya kulalia, Theopista akaingia jikoni. Wazo lilikuwa jepesi mpaka akashangaa mbona watu wote wa Huku hawajalifikiria. Mwendo wangu haulingani na sufuria, akajiambia. Wote wananiambia nibadilishe mwendo. Mbona hakuna anayesema tubadilishe sufuria? Magadi yanalainisha maharage, kila mama anajua. Yakilainika mapema, na mimi nikifika mapema, nitakuwa nimefika sawasawa. Akachota kwenye kopo. Alikusudia kidogo tu, ncha ya vidole. Lakini mkono wake nao ulikuwa na haraka zake. Kiganja kizima kikaingia. Akakoroga kwa mwiko mara tatu, akafunika, akatoka anapiga mluzi.

Asubuhi, Kocha Gwandu akachuchumaa kwenye mafiga, akapiga kiberiti.

"Nendeni," akasema. "Mkaongee."

Ndivyo anavyosema kila Jumapili, kwa sababu Huku mbio ndefu zinakimbiwa kwa kuongea. Kila mkimbiaji ana msikilizaji wake kwenye baiskeli. Wewe unakimbia huku unasimulia, yeye anaitikia "Enhee?", na akishaitikia unatakiwa umpe sentensi nzima, yenye kichwa na miguu. Ukimpa nusu, anapiga kelele, "Umeimeza!" Maana yake umekwenda kasi kuliko pumzi yako. Msikilizaji wa Yustina alikuwa amejifungua juzi, ndiyo maana Yustina alikuwa peke yake na ng'ombe wake wa kusalimia. Msikilizaji wa Theopista alikuwa Shangazi Bibiana, dada wa baba yake, mwanamke wa vitenge viwili, kidumu cha maji ya chumvi na sukari kimefungwa nyuma ya baiskeli isiyo na breki.

"Haya mwanangu, leo unanisimulia nini?"

"Nitakusimulia... ile harusi... ya..."

"Umeimeza! Hata kilomita moja hatujamaliza, umeimeza! Harusi ya nani?"

Theopista huyoo! Alishafyatuka. Nukta kijani kibichi. Mioyo inamiminika kwenye kioo kama mvua ya vuli. Yustina alibaki nyuma huko, wanamsikia tu: "Shikamoo Baba Marietha! Mguu unaendeleaje?"

Kilomita ya tano kivuli chake kikafupika. Alikitazama kikijikunja kama mkeka, kinaingia chini ya raba. Jua lilikuwa utosini.

"Jua hili lina nini leo?" Shangazi akauliza, anajikinga kwa kiganja. "Limeitwa mahali?"

Imekubali, Theopista akawaza, na furaha ikampanda mpaka masikioni. Imekubali! Sufuria inakuja kwangu! Lakini furaha haikumaliza hata nusu kilomita. Kama jua limefika utosini sasa hivi, maana yake maharage yanakaribia kupasuka sasa hivi, na yeye amebakiza kilomita ishirini na saba. Nitakuta ukoko! Sasa hapo mtu mwenye akili zake angefanya nini? Theopista akaongeza kasi.

Barabara ya Huku ni ya vumbi jekundu, inapanda na kushuka. Kwenye kilomita ya tisa kuna uzio wa kanisa, na watoto wa kwaya wanapenda kusimama pale kumshangilia. Walianza kumwita mwanzoni mwa uzio, "Pistaaa! Pista kimbia!" sauti nyembamba kama vijiko vikigongana. Alipofika katikati ya uzio zilikuwa zimepasuka. Alipofika mwisho, ilikuwa besi. Mwanamume mwenye ndevu, kaptula ya Jumapili imembana mpaka anatembea upande upande, akanyoosha mkono: "Shikamoo dada... au sijui nikwambieje sasa?"

"Marahaba!" Shangazi akamjibu kwa niaba, kisha akageuka taratibu juu ya baiskeli. "Pista. Yule si Amsi? Amsi wa darasa la tatu?"

Shamba la mahindi kando ya njia likaota, likachanua, likakauka, likavunwa, watu hawajaonekana. Jua likazama na kuibuka kama mtu anayefanya pushapu. Simu ikaita: *Hongera! Umetimiza miaka kumi nasi!* Hatua mia baadaye: *Hongera! Umetimiza miaka ishirini nasi!* Mioyo ikaanza kupungua. Wale elfu na mia tatu walikuwa wanazeeka nao, au wanahamia programu nyingine, nani ajuaye.

"Wewe mtoto," Shangazi akasema, na baiskeli sasa inalia kwi kwi kwi, imekula kutu, "mbona magoti yangu yanalia kama mnyororo? Na mbona kitenge kinanipwaya? Nisimulie kitu, nimeanza kuogopa. Enhee?"

"Nd... nili..."

"Umeimeza!"

"Sha..."

"Umeimeza hata jina langu!"

Theopista akatazama mkono ulioshika simu. Haukuwa wake. Ulikuwa mkono wa mama yake, ule wenye kovu la mafuta ya maandazi, ingawa yeye hajawahi kukaanga maandazi. Kioo kilipozimika akaona uso ndani yake, akadhani ni mama, kisha mama akatabasamu na pengo, akawa bibi. Bibi Theopista mwenyewe, aliyempa jina. Nani anakimbia hapa? Bibi, ni wewe? Mimi ni wewe? Nimekupita au umenipita? Au wote tulikuwa njia moja, tunapokezana raba? Maana kasi ni nini, kama siyo kuruka siku ambazo ungeishi? Umeruka Jumanne. Umeruka masika. Umeruka mtu mliyekuwa mkutane kwenye kona, anasimama pale mpaka leo, ameshika ua. Unafika mbele, unageuka kuona uliwaacha wangapi, unakuta wa kwanza uliyemwacha ni wewe.

Ulimi wake ukapita kwenye ufizi. Lile jino lililovunjika ncha halikuwepo tena. Na jirani zake walikuwa wanalegea.

Ndipo akaona alichokifanya, na kwa kweli, ingawa aliogopa mpaka nywele zikamsimama, kilimjia kicheko. Nitafika, akawaza. Makande yatakuwa laini. Mimi ndiye nitakayeyala, na nitayahitaji yawe laini hivyo hivyo, kwa sababu nitakuwa sina meno! Halafu Kocha atanipa nafasi, nitashuka kwenye Mbio Kubwa na mkongojo!

Nyuma yake pakasikika kra, mnyororo wa baiskeli ukaanguka.

"Tangulia!" Shangazi akapiga kelele. "Naurudisha, nakuja! Lakini usinyamaze, mwanangu! Ongea! Mimi nakusikia tu huku nyuma!"

Akaongea. Siyo kwa sababu ya sheria. Ukimya wenyewe ulikuwa unatisha, umejaa miaka. Na alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa moja.

"Jana jioni," akaanza, na kwa kuwa alitaka kulisema lote ilibidi hatua zake zilingoje, "jana jioni niliingia jikoni wakati watu wamekwenda kuchota maji."

"Enhee?" sauti ikaitikia nyuma yake.

"Nikalichukua kopo la magadi lililokuwa juu ya rafu, Shangazi, nikatia kiganja kizima kwenye sufuria ya saa."

Sauti ikasogea karibu. Kisha: "Enhee?"

"Nilitaka makande yaive mapema ili nionekane nimefika sawasawa, kwa sababu sijui kwenda polepole, na niliona aibu kumwambia mtu kwamba sijui."

Na hapo, ndugu yangu, kitu kikatokea kwenye mwili wake. Mabega yakashuka. Ngumi zikafunguka. Visigino vilivyokuwa vinapiga barabara kama mtu anayedai afunguliwe mlango vikaanza kuigusa tu, kuisalimia. Pumzi ikaingia ikakaa, haikubisha hodi na kukimbia. Alisikia harufu ya majani ya mikaratusi, akajua miti ile ilikuwa hapo Jumapili zote sita. Aliona jiwe lenye umbo la mkate. Aliona kwamba kupanda na kushuka kwa barabara kuna wimbo wake, kama mtu anayeongea anavyopandisha sauti kuuliza na kuishusha kujibu. Mwendo haukuwa wa miguu wala wa pumzi wala wa simu. Ulikuwa ni pale wote watatu walipokubali kukaa kwenye sentensi moja. Na sentensi ina urefu wake. Huwezi kuikimbiza ikabaki sentensi. Huu ndio wenyewe? Huu tu? Mwepesi hivi? Nami nilikuwa naupita kila siku nikidhani ni mtu amekaa pembeni anapumzika!

Jua likasita, kana kwamba nalo lina sentensi ya kumaliza. Likasimama kidogo juu ya mlima, likajipapasa, halafu likaanza kurudi taratibu lilikotoka, kama mtu aliyefika kituoni akakumbuka amesahau chaja. Mvi za Theopista zikanywea moja moja. Jino likarudi, lile lile lenye ncha iliyovunjika. Mbali, kwenye uzio wa kanisa, besi zikapanda zikawa vijiko.

"Na ulikoroga," sauti ikauliza, "au ulimwaga tu juu ukaacha?"

"Nilikoroga kwa mwiko mara tatu, Shangazi, nikafunika vizuri."

"Shangazi yako yuko kule nyuma anautukana mnyororo."

Theopista akageuka. Alikuwa Yustina. Yustina amekuja na mwendo wake ule ule wa asubuhi, na Theopista alipopunguza ndipo akamfikia, jasho limemlowesha kifua, na usoni mikunjo ya uzee ndiyo kwanza inamalizikia kunyooka. Amesikia yote.

Wakakimbia sambamba.

"Yaani," Yustina akasema, "nimemsalimia Mama Hhao ana mimba, nageuka namsalimia mtoto wake ana mke. Nikadhani ni mimi. Nikadhani ndiyo kufa kwenyewe, nikaanza kutubu mwenyewe barabarani. Nimetubu na mambo ambayo sijafanya! Kumbe ni magadi?"

"Nisamehe."

"Kumbe mvi zangu zilikuwa za magadi!" Na kile kicheko kikatoka tumboni, kikampinda, ikabidi amshike Theopista bega asianguke. Kisha akaacha kucheka, akamtazama. "Ulitaka kuniibia nafasi."

"Ndiyo. Nilitaka nafasi, na wewe hukuwemo kichwani mwangu hata kidogo."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, mwenzangu. Bora ungeniwaza." Akatema vumbi. "Haya, endelea. Rafu ilikuwa juu, ulipanda kwenye nini?"

Wakaendelea hivyo. Shangazi Bibiana akawafikia, nywele zake zote zimerudi nyeusi isipokuwa shungi moja jeupe mbele ambalo baadaye alikataa katakata kulirudisha, akidai linampendeza. Theopista akamsimulia upya tangu mwanzo, sentensi nzima nzima, na Shangazi alicheka akaingia mtaroni na baiskeli yake, akatoka.

Zilipobaki kilomita mbili, upepo ukaleta harufu. Makande. Siyo yanayokaribia, yaliyofika. Theopista alilijua hilo kwa pua na kwa magoti. Miguu yake ilikuwa mizima, haijaanza hata kuuma, na alijua kwamba akijiachia atamwacha Yustina kabla ya kona ya zahanati. Simu ikatetemeka mkononi: *Ongeza! Nukta yako ni ya njano!* Vidole vya miguu vikamuwasha. Nenda. Si umeshasema ukweli? Aliyesema ukweli haruhusiwi kukimbia? Akahesabu hatua nne, tano. Kisha akanyoosha mkono, akaidumbukiza simu kwenye kikapu cha baiskeli, ikaangukia kwenye kitenge cha Shangazi, ikaendelea kulalamika huko huko.

"Umechoka?" Yustina akamuuliza.

"Sijachoka hata kidogo, na ndiyo maana ninakwenda hivi."

Walifika getini pamoja, bega kwa bega, wanabishana kuhusu rafu. Kocha Gwandu alikuwa ameshika mfuniko. Akaufunua. Mvuke ukapanda, maharage yakapasuka, jogoo wa Huku wote wakawika, ikawa saa sita.

Wakapakuliwa. Hayakuhitaji kutafunwa. Watu wa kambi walikuja na mabakuli yao, mafundi baiskeli wakaacha kazi, na kila aliyeonja alifumba macho. Kocha naye akaonja. Mkono wake mwingine ulikuwa unapapasa kidevu, kama mtu ambaye asubuhi ile kwa muda mfupi alikuwa na ndevu ndefu na hajui azidai kwa nani.

"Makande ya leo," akasema, "sijawahi." Akala kijiko kingine. "Mmefika wawili. Nafasi moja. Yustina, wewe nilishakuona ukifika hivi. Theopista ndiyo leo. Aliyejifunza leo miguu yake haitasahau mpaka siku yenyewe. Njoo hapa."

Akatoa mfukoni kitambaa cheupe chenye namba na pini nne. Watu wakapiga vigelegele. Akambandika kifuani, akafunga pini ya kwanza, juu kushoto. Theopista alimtazama Yustina. Yustina anakula. Pini ya pili. Alimtazama Shangazi Bibiana. Shangazi amekaza macho kwenye bakuli kana kwamba limeandikwa. Pini ya tatu. Hakuna ambaye angesema. Alilijua hilo. Wangekufa nalo wale wawili, na makande yalikuwa matamu, na mwendo alikuwa ameupata kweli, siyo wa kuibiwa. Namba ilimkaa kifuani kama iliyozaliwa hapo.

"Kocha," akasema, akamshika mkono. "Subiri. Utamu huo unaousikia ni magadi."

Akasimulia. Hakuharakisha, hakumeza neno. Watu waliacha kula. Mahali penye kiganja alisema kiganja, mahali penye mwiko alisema mwiko, na alipofika kwenye ndevu za Amsi baadhi wakacheka wakaibana midomo. Alipomaliza, Kocha Gwandu alikaa kwenye benchi, akavua kofia ya sufi ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikivuliwa, akajifuta nayo uso.

"Miaka yote," akasema, "natafuta mtu anayejua mwendo wake. Kwa sababu anayeujua wa kwake ataujua na wa mwenzake. Mimi sasa siwezi kuchagua. Mimi nimekula magadi nikadhani naonja mwendo." Akaifungua ngumi yake. Pini ya nne ilikuwa humo. Akaiweka kwenye kiganja cha Theopista, kile kile cha magadi. "Chagua wewe. Ifunge hapo kifuani, au zitoe hizo tatu ukamfungie yeye. Utakachofanya, hakuna atakayekulaumu."

Yustina akaweka bakuli chini. "Usiniangalie hivyo, mwaya. Mimi nimeshiba." Lakini hakuwa anacheka, na macho yake yalikuwa kwenye kitambaa.

Theopista akasimama pale katikati ya uwanja, pini tatu kifuani, ya nne mkononi. Anaitaka nafasi ile bado, kuliko chochote. Anastahili, maana mwendo ameupata. Hastahili, maana sufuria aliichezea. Yustina anastahili, lakini akipewa kwa huruma atakimbiaje na huruma ya mtu kifuani? Watu wote wa Huku wanangoja, jua limekaa juu ya kambi haliendi mbele wala halirudi, na safari hii haliyangoji maharage. Linamngoja yeye.

Akavuta pumzi, ndefu, ya kutosha sentensi moja nzima, akaufumba mkono juu ya ile pini, akaanza kutembea kuelekea kwa Yustina. Haraka hana. Ni hatua kumi na mbili tu kutoka aliposimama mpaka kwenye lile benchi, na kwa mwendo anaokwenda nao anao muda wa kufikiri kila hatua, na hata wa kugeuka.

Wewe ungekuwa ndiye, umeshika ile pini, ungeifunga kifuani kwa nani?